Dakika Kumi na Saba za Kioo Cheusi

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge nje ya Kilosa. Mizani ilinifundisha jambo moja ambalo sikulikuta darasani kwa sababu darasani sikukaa sana: usitaje uzito wa mzigo kabla sindano haijatulia. Ni jambo dogo. Lakini nimezunguka wilaya hii yote nikitengeneza kompyuta za watu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada na madaftari matano ya mistari, na watu niliowakuta wanaoweza kusubiri sindano itulie hawajazi benchi moja. Waliobaki wana jibu kabla ya swali. Kompyuta ikichelewa kuwaka, wanasema kirusi. Isipokuwa kirusi, vumbi. Isipokuwa vumbi, ni karani.

Dada yangu, kitinda mimba wetu, ndiye aliyekuwa karani. Alinipigia simu Jumatatu moja kutoka Mikumi.

"Kaka, mashine ya ofisi inawaka kioo cheusi."

"Kioo cheusi hakiwaki. Sema kinachotokea."

"Usinianze. Nabonyeza, taa inawaka, feni inavuma, kinatokea kile kialama cha mwanzo, halafu giza. Giza tupu. Watu wanakunywa chai mpaka wanasuuza vikombe, mimi naangalia giza."

"Dakika ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi si namba."

Nilidhani anatafuta saa. Kumbe alikuwa anatafuta sauti. "Kaka, Ijumaa kamati inakaa. Wanasema mashine nimeiua mimi. Ajenda ni moja tu, nayo ni mimi."

Nilipanda basi la Kilosa kwenda Mikumi Jumanne mchana.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya chama kidogo cha wakulima wa miwa, vyumba viwili nyuma ya barabara kuu ya malori, na dada yangu alikuwa ameajiriwa hapo mwaka wa sita. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuchapa orodha ya zamu: shamba la nani linakatwa leo, lori lipi liende wapi. Orodha hiyo haiwezi kuchapwa jana yake kwa sababu wakulima hupiga simu alfajiri kusema shamba gani limechomwa majani, tayari kwa kukatwa. Na muwa uliochomwa haungoji mtu. Ukikaa juani unapoteza utamu, na mwenye shamba anapoteza adabu. Kwa hiyo kila asubuhi madereva walisimama mlangoni, wakulima wakasimama nyuma ya madereva, na wote wakamtazama dada yangu akitazama kioo cheusi. Huhitaji kusoma sana kujua lawama itaangukia wapi. Humwangukia aliyekaa kwenye kiti. Akiondolewa pale angerudi kwetu milimani, Mamboya, kulima maharage kwenye kipande cha mama, na watoto wake wawili wangeacha shule ya Mikumi. Alijua hivyo, nami nilijua, na hatukulizungumza.

Jumatano asubuhi nilifika ofisini kabla ya saa moja na nusu. Mashine ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama kochi la sebuleni. Pembeni yake lilikuwapo lile boksi zito la betri linaloishikilia kompyuta umeme unapokatika. Nililifurahia kwa sekunde chache, mpaka nilipoona juu yake kuna termosi, na nyuma yake waya umekatwa. Betri ilikufa zamani. Badala ya kununua nyingine walilifanya kigoda cha chai.

Mwenyekiti aliingia saa mbili kamili. Ni mzee mrefu, mnyoofu, mwenye kofia ya kitambaa ambayo huivua ndani ya nyumba na kuikunja mara mbili.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Ndiye kaka mtu?"

"Ndiye."

"Haya kijana, tutengenezee." Nina miaka hamsini na mbili.

Nilimwomba dada abonyeze kitufe kama anavyobonyeza siku zote, nami nikakaa nyuma yake na saa yangu na daftari. Alama ya kiwandani ilitokea baada ya sekunde kumi na tisa. Ikaondoka. Kisha giza. Sikugusa kitu. Mwenyekiti alisimama mlangoni akanitazama dakika nne nzima, na nadhani kwake zilikuwa nyingi.

"Kijana, umekuja kutengeneza au umekuja kuisindikiza?"

"Napima, mzee."

"Unapima nini? Si unaona ni nyeusi?"

"Napima ni nyeusi kwa muda gani."

Madereva waliokuwa mlangoni walicheka. Mmoja akasema, "Watu wa mzani tumewazoea barabarani, leo mmoja kaingia na ofisini." Nikawaacha wacheke. Ilikuwa nyeusi kwa dakika kumi na saba na sekunde kumi. Katika muda huo nilipokea bure, bila kuuliza, maelezo yafuatayo: kwamba dada yangu anachajia simu kwenye mashine, kwamba anakuja na nywele mbichi na maji yanaingia, kwamba nyani wanatembea juu ya bati na kutikisa waya, kwamba kompyuta zote za siku hizi hutengenezwa zife ili watu wanunue nyingine. Mlinzi, ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta, ndiye aliyesema hilo la nyani, tena kwa uhakika mkubwa kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyesema hajui. Nimegundua kwamba katika nchi hii sentensi ngumu kuliko zote kutamka ni "sijui", na ina silabi tatu tu.

Kisha akaja fundi.

Alikuwa mtu wa rika langu, mwenye kibanda kando ya barabara kuu, na mwenyekiti alikuwa amemwita bila kuniambia, kama mtu anavyoita mganga wa pili wakati wa kwanza bado anafungua mkoba. Alitazama kioo mara moja.

"Mzee, hii si nilishasema? Ni ya kupiga windo tu. Nusu saa."

Kupiga windo ni kufuta mashine yote na kuiwekea mfumo upya. Kwa mafundi wengi wa barabarani ndiyo dawa ya homa, ya jino na ya mguu uliovunjika.

"Umepima nini?" nilimuuliza.

"Nimeangalia."

"Umeangalia nini?"

"Kioo, braza."

"Kioo kilikuwa na nini?"

"Si cheusi? Hakina kitu."

"Kwa hiyo umeangalia pasipo na kitu ukaona dawa."

Alinitazama kwa huruma. "Braza, wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu?"

"Hapana."

"Basi watoto wameponea chupuchupu." Madereva wakacheka tena, safari hii upande wake, na kusema kweli ilikuwa stahili yake kuchekewa.

Nilimuuliza ameipiga windo mara ngapi. Mara mbili mwaka huu, alisema, na kila mara ilipona. Ilipona kwa muda gani? Wiki, labda siku kumi. Halafu? Halafu ikarudia, kwa sababu ya matumizi. Alisema "matumizi" akimtazama dada yangu. Nami nikaandika kwenye daftari: *inapona siku saba hadi kumi, kisha inaugua*. Hakujua kwamba amenipa kitu cha kwanza chenye maana asubuhi ile. Mashine iliyofutwa mara mbili, ikawa nzima mara mbili, na ikaharibika mara mbili, haina ugonjwa ndani yake. Kuna jambo inafanyiwa.

Kwanza nilinakili mafaili yote ya zamu kwenye flashi mbili, moja nikampa dada, moja nikaitia mfukoni. Hilo ndilo jambo la kwanza kabla ya jingine lolote, na fundi aliponiona nalifanya akauliza kama naogopa. Ndiyo, naogopa. Mtu asiyeogopa kupoteza kazi ya mwenzake asishike bisibisi.

Kisha nikaanza kutoa. Nilichomoa printa, nikawasha upya: giza lilelile. Nikachomoa kipanya cha zamani na waya wa simu ambao kweli dada alikuwa akichajia. Giza lilelile; kesi ya simu ikafutwa. Nilifungua sanduku nikapuliza vumbi, lilikuwapo la kutosha kupandia mchicha, nikawasha: dakika kumi na sita na nusu. Nikawaonyesha. Hakuna aliyefurahi kuona vumbi limeshtakiwa na kuachiwa huru. Nilipima diski, ilikuwa nzima, ya zamani lakini nzima. Zilibaki sababu chache.

Mchana, watu walipokwenda kula, nilifungua kumbukumbu za mashine. Kila kompyuta huandika shajara yake yenyewe, kimya kimya, na karibu hakuna mtu anayeisoma. Humo huandika imewaka lini, imezimwa lini, na kama imezimwa kwa kunyang'anywa umeme ghafla huandika hilo pia, bila hasira, kila mara kwa maneno yaleyale. Nilisoma kurasa zote tangu windo ya mwisho, wiki sita.

Kila siku ya kazi mashine ilikuwa imenyang'anywa umeme ghafla. Kila siku, kati ya saa kumi na dakika thelathini na moja na saa kumi na dakika thelathini na nne jioni. Si umeme wa mji kukatika. Umeme wa mji haujui kushika saa hivyo. Na kila mara mashine ilikuwa katikati ya kujiwekea marekebisho iliyoyapokea mtandaoni mchana. Ikikatwa nusu njia, kesho yake asubuhi hulazimika kukagua diski na kubomoa ilichojenga kabla ya kumwonyesha mtu chochote. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika nyuma ya kioo cheusi. Jioni, mashine hujaribu tena. Jioni, inakatwa tena.

Siku tatu tu hazikuwa na alama hiyo. Zilifuatana, Jumanne hadi Alhamisi ya wiki tatu nyuma.

Dada alirudi na sahani ya wali kwa ajili yangu. Nikamwonyesha zile tarehe tatu nikamuuliza kulikuwa na nini.

Hakuhitaji kufikiri. "Mzee alikuwa Morogoro, kwenye mkutano."

"Akisafiri, nani anafunga ofisi?"

"Mimi." Akatazama mlango.

"Ulijua."

"Nilihisi."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani, kaka? Nimwendee yeye nimwambie ni yeye?" Akasukuma sahani mbele yangu. "Kula. Na leo jioni usikilize, usiongee."

Jioni ile nilisikiliza. Saa kumi na nusu mwenyekiti alitoka chumba chake, akaivua kofia. Hapo wote husimama kwa sala ya kufunga ofisi. Mikono lazima iwe mitupu. Mtu hasali ameshika kalamu, sembuse kipanya. Dada yangu, aliyekuwa bado anaandika majina aliyosomewa na mwenyekiti mwenyewe dakika moja kabla, aliiamuru mashine izime kisha akanyanyuka haraka. Kwenye kioo yakaja maneno ya kuomba isizimwe mpaka imalize. Hakuna aliyeyatazama, macho yalikuwa yamefumbwa. Yangu yalikuwa wazi.

Mweka hazina ndiye aliyeongoza sala. Ni mama mnene wa maneno mengi mbele ya watu na machache sana mbele ya Mungu. Alishukuru kwa siku, akaomba ulinzi wa safari, akafunga. Sekunde arobaini. Kabla silabi ya mwisho ya amina haijatoka, mwenyekiti alikwisha kufika ukutani na kushusha meinswichi. *Kata.* Taa, feni, kompyuta, kila kitu.

Baadaye nilielezwa asili yake. Miaka ya nyuma radi ilipiga ikaunguza mashine ya kwanza ya chama, na tangu siku hiyo mzee hakumwamini mtu mwingine na swichi ile. Aliishusha mwenyewe, kila jioni, papo hapo baada ya amina, kama anavyofunga kazi mtu mwenye dhamana. Sikumlaumu kwa kuiogopa radi. Radi ya Mikumi ni ya kuogopwa. Nilimlaumu kwa kuiogopa radi siku zisizo na wingu hata moja, na kwa kuwa, katika kuilinda mashine, ndiye aliyekuwa akiivunja shingo kila siku.

"Mzee," nilisema, "naomba kesho tuisubiri kidogo mashine imalize."

"Imalize nini? Si imefungwa?"

"Ilikuwa bado inafanya kazi."

"Kijana, hapa tunamaliza kwa sala. Hatumalizi kwa mashine."

Wote walicheka, kicheko kile cha wafanyakazi ambacho hutoka sawia. Dada yangu alicheka pia. Nilimwelewa, lakini sikupenda.

Alhamisi niliiacha mashine iwake mchana kutwa, nikaizima na kuiwasha vizuri mara tatu mpaka ikamaliza ubomoaji wake na ujenzi wake. Kisha nikamfuata mweka hazina alikokuwa anamenya machungwa barazani.

"Mama, leo jioni naomba usali kwa dakika sita."

Aliacha kumenya. "Sita? Niombee nini dakika sita?"

"Mvua. Miwa. Wagonjwa."

"Tuna wagonjwa wangapi?"

"Waombee wote."

"Wewe unataka nimdanganye Mungu kwa ajili ya kompyuta?"

"Nataka umwombe taratibu, mama. Huenda sekunde arobaini hasikii vizuri."

Alinipa kipande cha chungwa, akasema mimi ni mtu mbaya na ataona. Jioni aliomba. Aliwataja wakulima jina kwa jina, ng'ambo ya mto na huku. Akawaombea madereva na magurudumu yao. Akawaombea wafugaji wapate maji mbali na mashamba yetu. Mwenyekiti alibadilisha mguu mara kadhaa. Kwenye dakika ya nne na kitu mashine ilimaliza marekebisho ya siku hiyo, ikajizima yenyewe, na taa yake ndogo ikafa. Mama akaendelea kwa wajane. Amina ilipokuja na swichi iliposhuka, hapakuwa tena na cha kuharibu.

Ijumaa asubuhi dada alibonyeza kitufe. Sekunde hamsini na tatu, kioo kikajaa rangi. Orodha ya zamu ilitoka kabla dereva wa kwanza hajazima injini.

Sasa hapa ndipo ningependa kuandika kwamba watu walielewa. Mwenyekiti aliitazama mashine, akamtazama mweka hazina, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia: "Mnaona? Sala." Mlinzi akasema amina. Fundi wa barabarani, aliyekuja na sidii yake tayari kupiga windo, akasema ni kawaida, wakati mwingine mashine ikipumzishwa hupoa. Mweka hazina peke yake alinitazama, akatazama juu, akarudi kunitazama. Nilikuwa nimefanya jaribio safi kuliko yote niliyowahi kufanya, jioni ile nikabadilisha jambo moja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo, na nilichothibitisha machoni pao ni muujiza.

Na muujiza haukumwokoa dada yangu. Ulimzamisha. Kamati ilikaa saa nne, watu saba kwenye viti vya plastiki, na mwenyekiti akafungua kwa hoja ambayo, lazima nikiri, ilikuwa na mpangilio. Mashine ilikuwa inaumwa. Imeombewa, imepona. Kilichobaki ni kujua aliyeiuguza, maana asipotoka itaugua tena. Dada yangu alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono nyuma.

"Fundi wetu wa Kilosa amefanya uchunguzi," alisema mwenyekiti. "Atusomee."

Nilisimama na daftari. Nilisoma vizuri. Dakika za giza, siku baada ya siku, simu haikuhusika, vumbi halikuhusika, diski nzima, shajara ya mashine. Nikafika mwisho: chanzo ni umeme kukatwa kila jioni kabla mashine haijamaliza kuzimika.

"Nani anaukata?" aliuliza mwenyekiti.

Kila mtu mle ndani aliishi na jibu hilo kila siku ya kazi. Watu sita wazima walitazama sakafu kana kwamba jibu limedondoka chini.

"Swichi," nilisema.

"Swichi ina mikono?"

Nikageuza ukurasa. Hapakuwa na kitu upande wa pili. Nilimwona mzee yule, kofia yake imekunjwa mara mbili magotini, mtu wa umri wa baba yangu, ambaye nilimwamkia shikamoo siku tatu mfululizo naye akanijibu kila mara, na ulimi ukagoma. Siku tatu nilikuwa nimewadharau watu kwa kusema kabla ya kupima. Mimi nilikuwa nimepima, na sikusema. Kati ya makosa hayo mawili sina hakika la kwao ndilo kubwa.

Ndipo dada yangu alipotoa mikono nyuma.

"Mzee, niwie radhi," alisema. "Ni wewe."

Mweka hazina alimgeukia mwenyekiti.

"Mimi," alisema mwenyekiti. Hakuuliza, alikuwa anajaribu neno kama linamtosha.

"Unashusha swichi amina ikitoka tu. Mashine inakuwa bado. Ulipokwenda Morogoro nilifunga mimi, nikaisubiri, na asubuhi zote tatu iliwaka vizuri. Kaka ana tarehe."

"Lete daftari."

Nilimpelekea. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Hakuna mtu aliyeharakisha. Alifika kwenye zile siku tatu akasimama hapo, akatoa kalenda ndogo kwenye mfuko wa shati akalinganisha. Nilimheshimu kwa hilo. Katika ofisi ile yote alikuwa mtu wa kwanza, mbali na mimi, kulinganisha kitu na kitu kingine kabla ya kufungua mdomo.

"Mbona hukuniambia?" alimuuliza dada.

"Nilikuwa ajenda, mzee."

Mwenyekiti alivua miwani. Nilisubiri aseme amekosea, na nisingepaswa kusubiri, maana nawajua watu. Alisema hivi, akimwelekea mwandishi wa muhtasari: "Andika. Mwenyekiti ameona ni vyema kubadilisha utaratibu wa kufunga ofisi. Kuanzia leo swichi itashushwa na karani, baada ya kujiridhisha. Ajenda imefungwa." Wakapiga makofi. Walimpigia yeye. Mjumbe mmoja alisema huo ndio uongozi. Mwandishi aliandika yote, na jina la mtu aliyesoma shajara ya wiki sita halimo kwenye muhtasari ule, wala la mtu aliyesema yale maneno mawili ambayo mimi sikuyaweza.

Nilitaka kumwambia dada kitu tulipotoka nje. Nilianza, "Pale ndani, mimi..."

"Umefanya kazi yako, kaka," alinikatiza. "Mimi ndiye nilikuwa naondolewa, si wewe."

Basi la Kilosa lilikuwa la kesho, kwa hiyo nilikuwapo saa kumi na nusu jioni. Walisimama, kofia ikavuliwa. Mweka hazina alirudia sala yake ya sekunde arobaini. Amina ikatoka, na mkono wa mwenyekiti ukanyanyuka wenyewe kuelekea ukutani.

"Bado, mzee," alisema dada yangu.

Mkono ulibaki hewani. Kisha ukashuka, ukashika kofia. Hakuna aliyejua afanye nini, kwa hiyo hawakuondoka: mwenyekiti, mweka hazina, mlinzi mlangoni, wote wima wameelekea kioo chenye maandishi yale yale ambayo sasa, kwa mara ya kwanza, yalikuwa yanasomwa. Mlinzi aliyasoma kwa kusogeza midomo. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili. Nje lori lilipiga honi na hakuna aliyegeuka. Dada yangu alikuwa amesimama chini ya swichi, mkono wake kando, hana haraka.

"Imemaliza?" aliuliza mwenyekiti, kwa sauti ya chini.

"Bado."

Taa ndogo ikazimika. Dada yangu alihesabu mpaka tano, nilimwona midomo ikisogea, kisha akanyoosha mkono na kuishusha swichi.